Miche na Baridi ya Juni: Somo kwa Kamati za Parokia



Kigango kimoja huko Mufindi kilipanda miche ya parachichi kwenye vinyungu, penye rutuba na maji ya karibu. Fedha za miche zilitoka kwa wafadhili wetu. Asubuhi moja ya mwezi Julai majani yalikutwa meusi, kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Wengine walisema ni ugonjwa, wengine wakamlaumu mwenye kitalu. Kumbe ilikuwa sakitu, yaani umande ulioganda, na miche ile haikuwa imejiandaa kuipokea.

Mmea una maji mengi ndani yake. Baridi ikizidi, barafu huanza kufanyika katikati ya seli na kuyavuta maji yaliyo ndani yake; ikiingia ndani ya seli zenyewe, zinakufa. Mimea iliyozoea baridi huzuia hali hiyo kwa kuongeza sukari katika majimaji yake, maana maji yenye sukari huchelewa kuganda. Lakini kazi hiyo haifanyiki usiku mmoja. Huchukua wiki kadhaa za baridi inayoongezeka kidogo kidogo. Mche uliolelewa kivulini, ukamwagiliwa kila siku na kupewa mbolea ya kukuzia hadi Mei, una majani laini mno.

Anayetaka kuona mabingwa wa baridi aende Kitulo, hifadhi ya Taifa tangu 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Uwanda ule uko kwenye mita 2,600 hivi. Okidi nyingi za pale hazishindani na baridi hata kidogo: majani hukauka, uhai ukabaki kwenye viazi vyake chini ya udongo, na maua hurudi na mvua. Nyasi nazo huacha majani yao makavu yakizunguka shina kama blanketi. Hata wanyama wamo. Kipunji, nyani aliyejulikana kwa wanasayansi mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe, na baadaye Ndundulu mkoani Iringa, ana manyoya marefu na mazito. Watu wa Rungwe walikuwa na jina lake zamani.

Matufaa (maepo) ya Makete hufanya jingine: huihitaji baridi. Bila miezi ya ubaridi macho yake hayafumbuki vizuri. Parachichi si hivyo. Asili yake ni Mexico na Amerika ya Kati, na mche mchanga hauvumilii sakitu.

Basi kosa la kigango lilikuwa wapi? Hasa mahali. Usiku usio na mawingu wala upepo ardhi hupoteza joto lake, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka mlimani kama maji na kujaa bondeni. Kinyungu ndicho bakuli lake. Hatua mia moja juu ya mteremko miche ingeweza kupona. Mboga na viazi vibaki bondeni, miti ya matunda ipande juu.

Pandeni mwanzoni mwa mvua, Desemba au Januari, ili mche upate nguvu kabla ya Juni. Wiki za mwisho kitaluni punguzeni kivuli na maji taratibu. Acheni mbolea ya kukuzia baridi inapokaribia. Usiku wa hatari funikeni miche kwa nyasi, mfunue asubuhi. Kumwagilia mchana pia husaidia, kwani udongo wenye unyevu hutunza joto kuliko udongo mkavu.

Na miche iliyokwisha kuungua msiing'oe, wala msiikate mara moja. Subirini hadi machipukizi yaonyeshe sehemu iliyo hai inaishia wapi. Kisha mwangalieni kiungio: chipukizi likitoka juu yake, mche wa Hass umepona; likitoka chini, huo ni wa kienyeji, na kamati italazimika kuuunganisha upya au kununua mwingine.