Dondoo muhimu: Mwezi mmoja wodini Ujerumani

Kupitia IFMSA, shirikisho la wanafunzi wa udaktari lililoanzishwa mwaka 1951, unaweza kujifunza hospitalini ng'ambo kwa takriban wiki nne. Ukipangiwa Ujerumani, zingatia haya:

• Wahi visa. Ombi la visa ya Schengen, ya siku zisizozidi 90, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Bima ya safari iwe ya angalau euro 30,000. Beba pia cheti cha chanjo, hasa ya homa ya ini aina B.

• Anza na lugha ya mgonjwa. Istilahi nyingi za tiba zina asili ya Kilatini na Kigiriki, hivyo utazitambua. Kazi ngumu ni kumwelewa bibi anayeeleza maumivu yake kwa lahaja ya kwao. Kariri mapema maswali mafupi: *Wo tut es weh?*, yaani unaumwa wapi, *Seit wann?*, tangu lini.

• Heshimu kwa "Sie", yaani "wewe" ya heshima. Ndiyo namna ya kumwita mgonjwa na daktari mkuu.

• Jitokeze asubuhi. Wanafunzi mara nyingi huwatoa wagonjwa damu ya vipimo. Omba usimamiwe.

• Usiitikie usichoelewa. Omba maelezo yarudiwe polepole. Dozi, mzio na upande wa mwili virudie kwa sauti hadi uthibitishiwe. Hapo ndipo usalama wa mgonjwa ulipo.

• Tunza siri. Daftari lako la msamiati lisiwe na jina la mgonjwa yeyote, na usipige picha wodini.