SOMO LA ROBO HII: KUCHAGUA SAMPLA NA FAILI ZA SAUTI KWA KWAYA ZETU



Kwaya ikitaka kurekodi hapa Kisondela, hesabu ya kwanza ni fedha. Kompyuta yenye Linux haidai ada ya leseni, wala haitulazimishi kutumia programu za wizi. Lakini tuchague kwa makini, ili sauti za kwaya zibaki mali ya kwaya hata programu zikibadilika.

Sampla ni programu inayotunza sauti za vyombo halisi zilizorekodiwa, na kuzitoa mpigaji anapobonyeza kinanda. Aina za faili zake ni hizi:

1. SF2. Faili moja hubeba piano, gitaa, besi na ngoma. Hupigwa na FluidSynth, nayo yafaa kwa wanaoanza. Angalizo: kwa kawaida sauti zote huingizwa kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Mkusanyiko wa FluidR3 pekee unazidi MB 140.

2. GIG. Ilikuwa ya programu ya GigaStudio, ambayo Tascam iliacha kuitengeneza mwaka 2008. Bahati nzuri LinuxSampler bado inazisoma faili hizo. Tunajifunza kwamba kampuni ikifunga kazi, faili zako zaweza kukosa wa kuzifungua.

3. SFZ. Haya ni maandishi ya kawaida yanayoelekeza kwenye faili za WAV. Hupigwa na sfizz au LinuxSampler. Mikusanyiko mingi ya bure imejaa vyombo vya Ulaya na Marekani. Ngoma ya Kinyakyusa itabidi tuirekodi wenyewe. Rekodi kila pigo mara tatu: dogo, la wastani na la nguvu. Kisha andika SFZ yake.

Kutunza. Dakika moja ya WAV ya stereo, kwa ubora wa CD, huchukua kama MB 10. FLAC hupunguza hadi karibu nusu bila kupoteza kitu. MP3 hutupa sehemu ya sauti. Igawiwe kwa wasikilizaji, isiwe nakala kuu.

Ushauri wetu: anzeni na SF2, ngoma zenu ziwe SFZ, na nakala kuu ziwe FLAC, zitunzwe sehemu mbili.

Maswali ya kujadili katika kamati:
- Nani atatunza nakala hizo?
- Je, wapiga ngoma wamekubali sauti zao zitumike, na mapato yakipatikana watapata nini?
- Fedha iliyookolewa kwenye leseni inunue nini kwanza: maikrofoni, au betri ya kutuvusha umeme ukikatika?