Kipindi kipi, Yaya?

*Yaya, nisaidie. Nilikopa dola 200 kwenye AVEC yetu (kikundi chetu cha akiba na mikopo) ninunue mchele nipeleke Salamabila. Pesa nikaziingiza kwenye mchezo wa simu: unabashiri bei ya Bitcoin, dakika 5 zikiisha itakuwa imepanda au imeshuka. Dau langu dola 2, mara 40 hivi kwa siku. Nikishinda ninaongezewa dola 1 na senti 60, nikishindwa dau linakwenda. Siku 25, zote zimekwisha. Rafiki anasema kosa ni kipindi: dakika 5 ni fupi mno, nihamie dakika 15 au saa moja, nicheze wakati Wamarekani wako kazini, na nikishindwa niongeze dau mara mbili. Kuna siku nilishinda mara saba mfululizo, basi najua inawezekana. Mke wangu hajui. Kikao cha AVEC ni Alhamisi ya wiki ijayo. Kipindi kipi kizuri?*
*Aliyekwama, Kabambare*

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, maana umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeniandikia hesabu yako yote. Ngoja tuipige pamoja.

Chukua mtu asiyejua lolote, anayerusha sarafu tu. Kati ya madau 40 anashinda 20 na kushindwa 20. Ushindi unampa dola 32, kushindwa kunamla dola 40. Jioni amepungukiwa dola 8. Zidisha kwa siku 25: dola 200.

Umeona? Wewe unaniambia una mkosi. Huna mkosi hata kidogo. Umepoteza kile kile ambacho mchezo ulikuwa unakudai tangu siku ya kwanza, karibu bila kuzidi wala kupungua. Hata zile mara saba mfululizo zimo humo humo. Mrusha sarafu wa mara 40 kwa siku, katika siku 25 atakutana na mfuatano kama huo mara tatu hivi. Wewe unakumbuka mmoja kwa sababu ulikuwa mtamu.

Sasa kipindi. Unauza mchele kwa wachimbaji wa dhahabu wa Salamabila, kwa hiyo umewahi kumwona mnunuzi akipima vumbi la dhahabu kwa vijiti vya kiberiti kwenye mizani ile ndogo. Kila mchimbaji anajua mizani inamla kidogo. Ndiyo maana mwenye akili hapeleki vumbi lake mara 40 kwa siku. Anakusanya, anapima mara moja. Zile senti 40 zinazokosekana kwenye kila ushindi wako ndizo mizani ya mwenye mchezo. Dakika 5 zinakurudisha kwenye mizani tena na tena. Saa moja inakurudisha mara chache. Ukicheza mara tano tu kwa siku kwa dau lile lile, utapoteza dola 1 badala ya 8. Rafiki yako ameiona nafuu hiyo akadhani ni ujuzi. Na nikujuavyo kwa barua hii, ukingoja saa nzima utasema dola 2 hazitoshi, utaweka 10, na tutarudi pale pale.

Ili usipate wala usipoteze kwa malipo hayo, unatakiwa upatie karibu mara 56 katika kila 100. Ndani ya dakika 5 bei inatikisika tu, kama jani juu ya maji ya Luama, na hakuna anayejua litaelekea wapi. Kipindi kikiwa kirefu mara nne, mtikisiko kwa kawaida unakua mara mbili hivi, lakini kujua upande hakuongezeki.

Kuhusu saa za Wamarekani: ni kweli bei huruka habari zinapotoka kule. Takwimu zao za kupanda kwa bei za bidhaa hutolewa saa mbili na nusu asubuhi ya Washington, kwetu ikiwa saa nane na nusu au saa tisa na nusu alasiri, kulingana na saa yao ya kiangazi au ya baridi. Lakini kompyuta za watu zimeshaisoma namba na kununua kabla simu yako haijamaliza kuzungusha lile duara la rezo. Bei unayoibetia Kabambare ni ya sekunde kadhaa zilizopita. Katika mchezo wa dakika 5, sekunde hizo ni nyingi.

Na la kuongeza dau mara mbili, hilo ndilo lililonifanya nicheke, samahani. Weka 1, ushindwe. Weka 2, ushindwe. Weka 4, ushindwe. Umeshatoa dola 7. Weka 8 na ushinde: unapata faida ya dola 6 na senti 40. Umeshinda, na bado umekula hasara.

Kubeti kwa namna hii kulianza kabla ya wewe kusikia Bitcoin. Israeli iliipiga marufuku biashara hiyo mwaka 2017, Umoja wa Ulaya ukazuia raia wa kawaida kuuziwa kuanzia Julai 2018, Uingereza ikafunga moja kwa moja mwaka 2019. Mara nyingi aliyeuza mchezo ndiye aliyekula pesa ya aliyeshindwa.

Kwa hiyo jibu langu: hakuna kipindi. Usiweke hata dau moja la kurudisha.

Tuongee la AVEC, ambalo ndilo linalokunyima usingizi. Kwa kawaida mkopo hauzidi mara tatu ya hisa za mtu, basi wewe una angalau kama dola 70 ndani ya sanduku. Mkikubaliana zikatwe, deni halisi ni kama dola 130 na faida yake. Usiende kikaoni kimya ukingoja kufuli tatu za sanduku zifunguliwe mbele ya watu wote ndipo uanze kujikuna kichwa. Nenda nyumbani kwa mwenyekiti kabla ya Alhamisi, mweleze pesa ilikwenda wapi, usiseme mchele ulilowa, kisha omba kulipa kidogo kidogo. Watakusema. Wengine hawatakukopesha tena kwa muda, na wana haki.

Mchele je? Huko ndiko unakojua vipindi. Unajua lini gunia linashuka baada ya mavuno, unajua njia ya Salamabila ikiharibika kwa mvua nani atakosa chakula, unajua wachimbaji wakiwa na franga wananunua wapi. Tafuta mwenye mzigo, uuze kwa niaba yake kwa malipo ya kazi hadi upate mtaji mdogo.

Lakini kabla ya mwenyekiti kuna mke wako. Mwambie leo, mkishakula, watoto wakilala. Mpe simu aufute mchezo yeye mwenyewe.