Umeme Unaotenganisha Damu

Mzazi akiambiwa kwamba damu ya mtoto wake ina selimundu, yaani sikoseli, na aulize kwanza: ni AS au SS? Kile kipimo cha haraka cha tone la damu chini ya hadubini huonyesha tu kwamba chembe hujipinda kama mundu. Hakimtofautishi aliyerithi kwa mzazi mmoja, ambaye kwa kawaida ni mzima, na aliyerithi kwa wote wawili, ambaye ni mgonjwa.

Kipimo kinachojibu swali hilo hutumia umeme. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba himoglobini ya mgonjwa, iitwayo S, haisafiri sawa na ile ya kawaida, A, ikipitishiwa umeme. S ina chaji hasi pungufu, basi huvutwa kidogo zaidi na ncha chanya. Juu ya karatasi maalumu iliyoloweshwa, A hutangulia na S hubaki nyuma.

Mashine nyingine hufanya kazi hiyo ndani ya mrija wa kioo mwembamba kama unywele, na hapa kuna jambo la kustaajabisha: hakuna pampu, lakini maji yanatiririka. Ukuta wa kioo una chaji hasi, kwa hiyo chembechembe zenye chaji chanya zilizomo majini hujipanga kandokando yake. Umeme wa maelfu ya volti ukiwashwa, hizo hukimbilia ncha hasi na kuyaburuta maji yote, mwendo wa katikati karibu sawa na wa pembeni. (Mtoni sivyo; kandokando maji huenda polepole.) Mkondo huo hubeba himoglobini zote, ingawa ncha chanya inazivuta kinyume. A huvutwa nyuma zaidi, kwa hiyo safari hii S ndiyo hufika kwanza!

Wachumba wakiwa wote AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Ni kila mimba upya. Mtoto wa kwanza kuugua si kinga kwa wanaofuata.

Mtoto mchanga pia hupimwa, na akigunduliwa mapema huanzishiwa penisilini ya kumkinga na maambukizo. Lakini aliyeongezewa damu karibuni huonyesha pia A ya aliyemtolea. Mwelezeni mtaalamu wa maabara, ili kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu au minne.