Simu haipimi damu: Namna ya kutafuta habari za ugonjwa mtandaoni

Ukishikwa na homa usiku wa manane pale Mtongwe au Chaani, huenda jambo la kwanza utakalofanya ni kuchukua simu. Utauliza mtandaoni, au utatuma ujumbe katika kikundi cha WhatsApp cha jamaa na majirani. Kabla ya alfajiri utakuwa na majibu kumi: ni malaria, ni chikungunya, chemsha mwarobaini, kunywa maji ya majani ya mpapai, nunua dawa ya maumivu.

Kuuliza si vibaya. Tangu zamani mgonjwa humuuliza jirani kwanza. Lakini hapana budi ujue simu hukusaidia wapi na hukuponza wapi.

Homa zinazofanana

Mombasa ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengue, au kidingapopo, mwaka 2013. Mwishoni mwa mwaka 2017 chikungunya ilizuka, ikaendelea hadi 2018. Malaria nayo ipo. Magonjwa haya matatu huanza kwa namna moja: homa, kichwa kuuma na mwili kulegea. Chikungunya huumiza viungo zaidi. Hata jina lake linatokana na lugha ya Kimakonde, likimaanisha kujikunja. Hata hivyo, dalili peke yake hazitoshi kuyatenganisha. Kinachohitajika ni kupimwa damu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kisauni anapokea ujumbe wa sauti: "Hiyo ni chikungunya. Mimi nilimeza diklofenaki nikapona." Pengine aliyeutuma hasemi uongo. Lakini mama huyu hajapimwa. Ikiwa ana dengue, diklofenaki, ibuprofeni au aspirini zinaweza kumzidishia hatari ya kutokwa na damu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa, na kuepuka dawa hizo nyingine hadi ithibitishwe kuwa si dengue. Na kama ni malaria, parasetamoli itapunguza joto tu. Vijidudu vitabaki damuni.

Maswali manne ya kujiuliza

Ukipata ushauri wowote wa afya kwenye simu, jiulize haya:

1. Ni nani anayesema? Ujumbe usio na jina la mwenyewe hauna wa kuulizwa. Mtu akijiita daktari, jina lake litafute katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambayo ipo mtandaoni.

2. Ni habari ya lini? Onyo la mlipuko wa 2018 laweza kusambazwa tena kana kwamba ni la jana.

3. Anauza nini? Dawa moja inayodaiwa kutibu kisukari, shinikizo la damu na ugumba kwa pamoja, iogope.

4. Anakutaka uache nini? Usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya ujumbe, kabla ya kuzungumza na wanaokutibu.

Chunga siri ya mgonjwa

Usitume picha ya kadi ya kliniki au majibu ya maabara ya mtu mwingine kikundini bila idhini yake, hata kama nia yako ni kumwombea dua. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti. Ujumbe ukishasambaa, haurudi.

Wakati wa kuweka simu chini

Usingoje jibu la kikundi ukiona dalili hizi: maumivu makali ya tumbo, kutapika mfululizo, damu puani au kwenye fizi, kupumua kwa shida, degedege, kuchanganyikiwa, au mtoto kushindwa kunyonya. Tahadhari zaidi: katika dengue, hatari mara nyingi huja homa inaposhuka, wakati jamaa wanapeana pongezi kwamba mgonjwa amepona. Mpeleke hospitali mara moja. Wakazi wa Likoni wanayo Mrima, wa Changamwe wanayo Port Reitz.

Hapo ndipo simu inapofaa kweli. Andika siku homa ilipoanza. Piga picha pakiti ya kila dawa uliyomeza, hata ya kienyeji ieleze. Orodhesha maswali yako ili usiyasahau mbele ya daktari. Na kama ulisoma jambo mtandaoni likakutia wasiwasi, mwonyeshe bila haya. Daktari mwema hatachukia kuulizwa.

Msomaji, kikundi chako kinaweza kukuchangia nauli ya tuktuk na kukutafutia mtu wa kukusindikiza. Huo ni msaada mkubwa. Lakini damu yako ipimwe na maabara.