Kuiamuru Kompyuta Iliyo Mbali kwa Maandishi

Kompyuta nyingi zinazofanya kazi kubwa katika dunia ya leo hazina kioo wala kibodi. Zimepangwa katika makabati ya chuma, ndani ya vyumba vinavyopozwa usiku na mchana, na aghalabu mtu azitumiaye hajapata kuziona kwa macho. Kompyuta ya namna hiyo, ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine, huitwa seva. Mtu aliye mbali nayo huiamurije?

Ichukuliwe shule ya sekondari iliyo Misima, wilayani Handeni, ambayo wanafunzi wake hupima mvua kila siku. Nchi ya Handeni na sehemu za chini za Korogwe hazina mvua ya kutegemewa. Mwaka mmoja mahindi hustawi, na mwaka wa pili hukauka yakiwa yamefika magotini. Kwa hiyo daftari la mvua la miaka mingi ni mali, na kupotea kwake ni hasara isiyolipika, kwani mvua ya mwaka uliopita haiwezi kupimwa tena. Shule hiyo imeweka nakala ya hesabu zake katika seva iliyo Dar es Salaam, umbali wa kiasi cha kilomita 200 kwa mstari ulionyooka. Shule yenyewe ni ya kubuni, kwa ajili ya somo hili. Mashaka yake si ya kubuni.

Uchache wa maandishi

Ziko njia za kuonyesha kioo kizima cha kompyuta ya mbali, pamoja na picha zake zote. Njia hizo hupendeza, lakini hula mawasiliano. Kioo cha kawaida cha siku hizi kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, na kila nukta huhitaji biti 24 ili rangi yake ijulikane. Zidisha, nawe utapata biti 49,766,400 kwa picha moja tu. Ukurasa wa maandishi wenye mistari 24 ya herufi 80 una herufi 1,920. Kila herufi ikichukua biti 8, jumla ni biti 15,360. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: jibu ni 3,240 kamili. Ni kweli kwamba picha hubanwa kabla ya kupelekwa, na tofauti hupungua sana, lakini haiondoki. Mahali ambapo mtandao wa simu huja na kwenda kama kivuli cha wingu, tofauti hiyo ndiyo huamua kama kazi itafanyika leo au haitafanyika.

Jambo hili si geni. Tangu mwaka 1879 Unguja iliunganishwa na Aden na pwani ya kusini ya Afrika kwa waya wa simu ya maandishi uliolazwa baharini, na watu wa zama hizo, waliolipia kila neno, walijua vema thamani ya kusema machache. Hata ujumbe wa kwanza wa mtandao uliozaa intaneti ya leo ulikuwa jaribio la kuingia katika kompyuta ya mbali. Tarehe 29 Oktoba 1969, kutoka Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford, kiasi cha kilomita 500, mwanafunzi alianza kuandika neno LOGIN. Zilifika herufi mbili, L na O, kisha kompyuta ya upande wa pili ikaanguka. Baada ya kitambo jaribio lilirudiwa, likafaulu.

Hodi

Kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliingia katika kompyuta za mbali kwa programu iitwayo telnet. Programu hiyo ilikuwa na kasoro moja kubwa: kila kitu, pamoja na neno la siri, kilisafiri wazi, kama barua isiyo na bahasha. Mtu yeyote aliyeweza kuuchungulia mtandao njiani aliweza kulisoma. Mwaka 1995 uchunguzi wa namna hiyo ulifanyika katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Finland, na maneno ya siri yakaibwa. Mtafiti wa chuo hicho, Tatu Ylönen, alijibu kwa kutunga programu mpya, ssh, ambayo hufumba kila kitu kabla hakijatoka. Mwezi Desemba 1999 ilitolewa OpenSSH, ambayo ni huru kwa wote, na ndiyo inayotumika kwa wingi hadi leo.

Mwalimu wa Misima huandika mstari mmoja tu:

ssh mwalimu@192.0.2.10

Neno la kwanza ni jina la programu. Baada yake huja jina ambalo mtumiaji anajulikana nalo katika seva, kisha anwani ya seva yenyewe. (Anwani iliyoandikwa hapa imetengwa kwa ajili ya mifano vitabuni, asijaribu mtu kuibisha hodi.) Seva huwa na milango mingi yenye namba, na mlango wa ssh kwa desturi ni namba 22.

Hodi ina adabu zake. Mtu akibisha usiku, mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Akijibiwa "Mimi," hafungui, huuliza tena, "Mimi nani?" na husikiliza sauti. Hivyo ndivyo seva ifanyavyo. Lakini katika ssh mgeni naye hana budi kuhakikisha kwamba nyumba aliyoifikia ndiyo yenyewe, kwani anwani yaweza kughushiwa. Mara ya kwanza seva huonyesha alama yake, mfano wa alama ya kidole, nayo programu humwuliza mtumiaji kama anaikubali. Watu wengi hujibu "yes" bila kutazama. Huo ni uvivu wenye hatari. Ipasavyo, mwalimu awe amepewa alama hiyo na msimamizi wa seva kwa njia nyingine, kwa simu au kwa karatasi, ndipo alinganishe. Ikiisha kukubaliwa huhifadhiwa, na siku itakapobadilika programu hupiga kelele na kukataa kuendelea. Huenda seva imejengwa upya tu. Huenda pia mtu amejipenyeza katikati. Asiyeuliza hawezi kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Siri inayopatanwa hadharani

Hapa ndipo penye jambo la ajabu, na mwalimu wa hisabati atapenda kulionyesha ubaoni. Pande mbili ambazo hazijapata kukutana, zikisikilizwa na kila mtu, hupatana siri moja bila ya siri hiyo kutamkwa. Njia hii ilichapishwa mwaka 1976 na Wamarekani wawili, Whitfield Diffie na Martin Hellman.

Pande zote hukubaliana hadharani namba mbili, tuseme 29 na 2. Mwalimu huchagua namba yake ya siri, 7. Hupandisha 2 kwa kipeo cha 7 na kupata 128, kisha hugawanya kwa 29 na kuchukua baki tu, yaani 12. Hiyo 12 huipeleka wazi. Seva nayo huchagua siri yake, 11. Hupandisha 2 kwa kipeo cha 11 na kupata 2,048. Baki yake ni 18, nayo hupelekwa wazi. Sasa mwalimu hupandisha 18 aliyopokea kwa siri yake 7 na kuchukua baki: 17. Seva hupandisha 12 iliyopokea kwa siri yake 11 na kuchukua baki: 17 vilevile. Sababu ni kwamba pande zote mbili, kila moja kwa njia yake, zimepandisha 2 kwa kipeo cha 77. Msikilizaji wa njiani ameona 29, 2, 12 na 18, lakini 17 hakuiona popote.

Mwanafunzi mwerevu atasema kwamba msikilizaji aweza kujaribu vipeo vyote, kwani havizidi 28. Ni kweli. Ndiyo maana namba halisi huwa na tarakimu zaidi ya 600, ambapo kujaribu zote hakuwezekani kwa kompyuta yoyote ijulikanayo. Siku hizi aghalabu hutumika hesabu za mapindo badala ya vipeo, lakini wazo ni lilelile.

Walakini njia hii peke yake haisemi siri imepatanwa na nani. Laghai aliyesimama katikati angeweza kupatana siri moja na mwalimu na nyingine na seva. Ndiyo sababu seva hutia saini mapatano hayo kwa ufunguo wake wa kudumu, ule ambao alama yake ilitajwa hapo juu.

Mwalimu naye aweza kuwa na ufunguo, badala ya kutegemea neno la siri. Amri

ssh-keygen -t ed25519

humtengenezea jozi: ufunguo wa hadhara, ambao huwekwa katika seva, na ufunguo wa siri, ambao hautoki katika kompyuta yake. Ule wa siri ulindwe kwa neno lake. Kompyuta ikiibwa, msimamizi hufuta mstari mmoja wa ufunguo wa hadhara katika seva, na mwizi hubaki na kitasa kisicho na mlango. Shule ambayo walimu watano hutumia neno moja la siri, lililobandikwa ukutani, haina njia ya kumwondoa mmoja bila kuwasumbua wanne.

Uzi unapokatika

Ichukuliwe sasa kwamba mwalimu ameiamuru seva ikokotoe wastani wa mvua kutoka katika majedwali mengi, kazi ya saa tatu. Baada ya saa mbili umeme wa Misima unakatika. Je, seva itaendelea?

Kwa kawaida, haitaendelea. Programu iliyoanzishwa ndani ya kikao ni mtoto wa kikao hicho. Kikao kikifa, huambiwa ife nacho. Dawa ni kuweka kati ya mtumiaji na kazi programu nyingine ambayo makao yake ni katika seva. Ya zamani kati ya hizo ni screen, iliyotoka mwaka 1987. Mwalimu akiisha kuingia huandika:

screen -S mvua

kisha huanza kazi yake. Uzi ukikatika, screen hubaki hai katika seva, na kazi ndani yake huendelea kama kwamba hakuna lililotokea. Umeme ukirudi huingia tena na kuandika screen -r mvua, na kioo kilekile hurudi mbele yake. Kama seva haijatambua kwamba uzi wa kwanza umekatika, huandika screen -d -r mvua. Mtu afanyaye kazi ndefu katika seva bila kinga hii anacheza kamari, na mahali ambapo umeme hauaminiki kamari hiyo huliwa mapema.

Uko pia ukatikaji wa pole, wenye kuudhi zaidi. Mitambo ya kampuni za simu huhesabu mazungumzo yanayopita ndani yake, na mazungumzo yaliyonyamaza kwa dakika kadhaa huyafuta bila taarifa. Mwalimu ameinuka kwenda kunywa chai. Anaporudi, kioo kimeganda. Namna ya kujitoa ni kubonya Enter, kisha alama ya ~ ikifuatwa na nukta. Namna ya kuzuia ni kuiagiza programu ibishe kidogo kila baada ya muda, kwa kuandika katika faili liitwalo config, ndani ya folda ya .ssh, maneno haya:

Host mvua
    HostName 192.0.2.10
    User mwalimu
    ServerAliveInterval 60

Tangu hapo kila sekunde 60 za kimya programu huiuliza seva kama ingalipo, na isipojibiwa mara tatu mfululizo hufunga kikao. Faida ya pili ni kwamba mwalimu haandiki tena anwani. Ssh mvua yatosha.

Hodi kutoka ndani

Mpaka hapa Misima imekuwa ikibisha Dar es Salaam. Tuseme kipimo cha mvua kimeunganishwa na kompyuta ndogo ya shule, nayo imeharibika, na fundi yuko Dar es Salaam. Fundi hawezi kuibisha hodi, kwa sababu kompyuta iliyo nyuma ya mtandao wa simu kwa kawaida haina anwani yake ya hadhara. Hushiriki anwani moja na wengine wengi. Kompyuta hiyo yaweza kutoka, lakini haiwezi kufikiwa. Kwa hiyo hufanywa kinyume: kompyuta ya Misima hutoka yenyewe, huenda kwenye seva, na kuacha njia ya kurudia nyuma yake.

ssh -N -R 2222:localhost:22 mwalimu@192.0.2.10

Maana yake ni kwamba atakayegonga mlango 2222 akiwa ndani ya seva apelekwe hadi mlango 22 wa kompyuta ya shule. Fundi huingia katika seva kwanza, kisha hushuka kwa uzi huohuo hadi Misima. Shule iyaruhusu hayo kwa kujua, maana njia iliyofunguliwa kwa fundi ni njia.

Mahali pa kuiweka seva

Swali la mwisho mara nyingi huamuliwa kwa bei peke yake. Mwanga hupita katika mkongo wa kioo kwa kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kilomita 200 kwenda na kurudi ni elfu mbili za sekunde. Ulaya, hata kama mkongo ungenyooka kilomita 7,500 hadi London, ni elfu sabini na tano, na mikongo hainyooki. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika mwaka 2009, na EASSy mwaka 2010, mawasiliano mengi ya Afrika ya Mashariki na ng'ambo yalipitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilikatika baharini upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika ya Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Katika siku kama hiyo, daftari la mvua lililo katika seva ya Ulaya huwa halifikiki au hufikiwa kwa taabu, ilhali lililo Dar es Salaam laweza kufikiwa na Misima bila kugusa bahari, mradi kampuni za simu zinabadilishana mawasiliano yao humuhumu nchini.

Mazoezi. (1) Kwa namba za hadhara 29 na 2, upande mmoja umechagua siri 4 na wa pili 9. Ni namba zipi zitapelekwa wazi, na siri ya pamoja ni ipi? (2) Kila herufi inayochapwa huenda hadi kwenye seva na kurudi ndipo ionekane kiooni. Ikiwa ishara ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde na njia ni ya setilaiti, mwandikaji atangoja muda gani kuiona herufi yake? Majibu: (1) 16 na 19, siri ni 24. (2) Kiasi cha nusu sekunde.