Masalio ya Korosho: Somo juu ya Uwakili



Katika nchi za pwani na za kusini, msimu wa korosho ufikapo, sisi wachungaji twautambua kwa kuitazama mikono ya watu. Mtu ajapo kwenye Meza ya Bwana huinua viganja vyake, nasi twaona kazi aliyoifanya juma lile. Mwaka mmoja mama wa usharika wetu alipiga magoti, na tazama, viganja vyake vilikuwa vyeusi, vimebabuka, na ngozi ya vidole imetoka kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Jirani yake akajitenga naye, akakataa kunywa baada yake katika kikombe kile kile, kwa kuwa alidhani ni ukoma. Ibada ilipokwisha tukamwuliza, naye akajibu, "Baba Mchungaji, si ugonjwa. Ni korosho. Nabangua nipate kumnunulia mtoto daftari na sare."

Tangu siku ile tukajiuliza maswali mawili. Ni kitu gani kilichomo katika ganda hata kiweze kuunguza mkono wa mwanadamu? Na kitu chenye nguvu namna hiyo, mbona twakitupa jaani?

Twakumbuka jinsi Bwana wetu alivyowalisha watu elfu tano kule nyikani. Watu walipokwisha kushiba hakusema kwamba kazi imekwisha. Aliwaagiza wanafunzi wakusanye masalio, nayo yakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuumba mikate kwa baraka yake hakuona haya kuokota makombo. Basi somo letu la mwezi huu ni hili: masalio ya korosho si takataka, bali ni sehemu ya kipawa tusiyoijua bado, na asiyeijua huumizwa nayo.

Mkorosho asili yake ni Brazili. Wareno ndio walioueneza mpaka Afrika na Bara Hindi katika karne ya 16. Kila tunda lina sehemu zake. Liko bibo, laini na lenye maji mengi. Chini yake imening'inia korosho yenyewe. Na korosho ina ganda gumu nje, kisha utando mwembamba mwekundu, kisha kiini cheupe kinacholiwa. Katika kilo 100 za korosho ghafi, kiini hakizidi kilo 25 hivi. Maganda hupata kama kilo 70. Tena bibo lina uzito mara nyingi kuliko korosho iliyo chini yake. Kwa hiyo mkulima auzaye kiini tu na kuyatupa mengine ameuza sehemu iliyo ndogo katika mavuno yake. Na tuyatazame sasa hayo mengine, moja moja.

Kwanza, ganda na mafuta yake.

Ganda la korosho si kipande kimoja. Lina kuta mbili ngumu, na katikati yake mna kitu kama sifongo kilichojaa mafuta mazito yenye rangi ya hudhurungi. Mafuta hayo hufikia karibu robo ya uzito wa ganda. Ndani yake imo asidi iitwayo anakadi, na kitu kingine kiitwacho kadoli, navyo ndivyo viunguzavyo ngozi. Msistaajabu, maana mkorosho ni ndugu wa mwembe, na kila mtoto ajua jinsi utomvu wa embe bichi unavyochoma midomo.

Kwa sababu hiyo twawasihi ninyi mbanguao nyumbani mshike mambo haya. Kabla ya kazi pakeni mikono mafuta ya mbarika, au ichovyeni katika majivu, na mwenye glovu azivae. Mkono wenye mafuta ya ganda usiguse jicho. Kazi ikiisha, osheni kwa sabuni na maji mengi. Watoto wasipasue korosho mbichi kwa meno. Mchomapo korosho, chomeeni nje, na upepo uwe mgongoni mwenu, kwa kuwa moshi wake una ukali ule ule na hudhuru macho na kifua. Maganda mabichi yasiwe kuni za jikoni kamwe. Na mtu asijaribu kuyachemsha mafuta haya nyumbani, maana hushika moto upesi.

Lakini ukali huo huo ndio faida yake. Kinachomwunguza mwanadamu humkimbiza na mchwa. Katika Bara Hindi mafuta ya ganda yamepakwa kwenye mbao, mashua na nyavu ili zisioze. Kiwandani mafuta yakitiwa katika joto kali, ile asidi ya anakadi hutoa hewa ya kaboni na kugeuka kuwa kadanoli. Kutokana na kadanoli hutengenezwa rangi na vanishi zistahimilizo maji, gundi za mbao, na unga utiwao katika breki za magari, kwa kuwa wavumilia joto la msuguano. Pengine gari lililokuleta mjini lilisimamishwa na mafuta ya ganda ambalo jirani yako alilitupa. Na baada ya kukamuliwa, maganda yaliyobaki ni kuni nzuri za kiwanda, na katika mahali pengine hugeuzwa kuwa mkaa.

Hapa liko jambo la kutuhuzunisha. Katika miaka ya 1970 vilijengwa viwanda vikubwa vya kubangua katika Tanzania, Mtwara na Lindi na kwingineko, lakini mavuno yakapungua sana, na vingi vikafungwa. Tangu hapo sehemu kubwa ya korosho zetu imesafirishwa ikiwa ghafi mpaka India na Vietnam. Wengi husema kwamba hasara yetu ni kazi ya kubangua iliyokwenda kwa wengine. Ni kweli, lakini si yote. Yeye asafirishaye korosho ghafi amesafirisha na ganda. Katika kila kilo 100 melini, 70 hivi ni ganda, na ndani yake yamo mafuta ambayo huko ng'ambo hukamuliwa na kuuzwa. Sisi tumeyatoa bure, kwa kuwa tuliyahesabu kuwa uchafu.

Pili, utando mwekundu.

Utando huo twaupuliza kwa midomo, nao waenda na upepo. Lakini una tanini nyingi, kitu kile kile kilichomo katika maganda ya miti atumiayo mtengeneza ngozi. Kwa hiyo wafaa kwa kulainisha na kuhifadhi ngozi za wanyama, na kwa kutia rangi ya hudhurungi. Ni mwepesi, na wa nyumba moja hautoshi kitu. Lakini wa kijiji kizima wajaza magunia.

Tatu, bibo.

Hapa sisi wachungaji hatuwezi kunyamaza. Mabibo huanguka na kuoza chini ya miti katika siku moja au mbili. Yasiyooza hugeuzwa kuwa uraka, na uraka hugeuzwa kuwa gongo. Tumewazika vijana waliouawa na gongo, nasi tumewapatanisha waume na wake waliotengana kwa ajili yake. Lakini si kosa la bibo. Bibo lina vitamini C mara nne au tano kuliko chungwa, na watoto wetu huondoka mezani bila tunda na huku yanaoza mlangoni.

Watu hulikataa kwa sababu lakwaruza koo. Sababu yake ni tanini, nayo yaweza kuondolewa. Okoteni mabibo siku ile ile yaangukapo, yaliyo mazima, mkayaoshe. Yakamueni kwa kitambaa safi. Tieni katika maji yake uji mwepesi wa mchele uliopoa, mkoroge, kisha mwache yatulie. Uji hushikamana na tanini, na vyote viwili hushuka chini kama tope. Mimineni maji safi ya juu polepole, myachemshe, mtie sukari na ndimu. Katika jimbo la Piauí kule Brazili hufanya karibu vivyo hivyo, kisha huyatia katika chupa na kuyapasha moto ndani ya maji hata yawe na rangi ya dhahabu. Kinywaji hicho huitwa cajuína, wala hakina kileo. Watu wale wana tunda lile lile tulilo nalo. Tofauti ni walichojifunza kulifanyia. Na makapi yaliyokamuliwa yakianikwa ni chakula cha ng'ombe.

Tufanye nini basi? Hatusemi kwamba kila nyumba iwe kiwanda. Kukamua mafuta ya ganda ni kazi ya mashine na ya watu wenye ujuzi. Lakini usharika waweza kuanza na mambo madogo. Akina mama wabanguao na wakae pamoja, wanunue mafuta ya mbarika na glovu kwa shirika. Maganda yawekwe pahali pamoja pakavu, mbali na watoto, na wazee waulize katika chama cha ushirika kama kiko kiwanda kiwezacho kuyanunua. Na umoja wa vijana ujifunze kutengeneza maji ya bibo, wayauze kabla gongo halijapikwa.

Yule mama tuliyemtaja aliwafundisha wenzake kupaka mafuta ya mbarika. Jumapili moja mwaka uliofuata alipiga magoti tena mezani, na viganja vyake vilikuwa vizima. Jirani yake alikuwa kando yake, na baada yake akakipokea kikombe, akanywa.

Maswali ya kujifunza

1. Kwa nini Bwana aliagiza masalio yakusanywe, hali aliweza kuumba mikate mingine?
2. Katika nyumba yako ni nini kitupwacho kila siku, na nani aumizwaye nacho?
3. Jirani alimhukumu mwenzake kwa kuitazama mikono yake. Ilimpasa kuuliza nini kwanza?
4. Usharika wetu waweza kufanya nini msimu huu ili mabibo yasigeuzwe kuwa gongo?